Komeo la Bunduki ya Emil

Verna Hudock alikuwa na mazoea ya kuisikiliza nyumba yake kama mpishi anavyosikiliza chungu huku mikono ikiwa kwenye kazi nyingine. Mlango wa friji. Maji bombani. Ubao wa katikati wa ngazi, ule uliolegea tangu mvua ya gharika. Asubuhi akifumbua macho hakuanza na sala, alianza na masikio. Akishasikia mwanawe Duane anakohoa chumba cha juu, ndipo anapoteremsha miguu sakafuni.

Mumewe, Emil, alikufa majira ya baridi yaliyopita, mbele ya gereji, koleo la theluji mkononi. Moyo ulisimama. Verna hakulia kanisani, hakulia makaburini. Mount Olen ni mji mdogo wa wachimba makaa ya mawe, watu wanaonana mpaka ndani ya sufuria, na wengine walisema mama huyu ana moyo wa jiwe. Wengine walisema Mungu amemshika mkono. Yeye mwenyewe hakuliona jiwe wala hakuusikia mkono. Alijiona kama ulimi uliochomwa sindano na daktari wa meno: upo, ni wako, lakini ukiung'ata huumii.

Duane naye hakulia. Tofauti ni kwamba yeye alisimama kabisa, kama saa. Aliacha kazi ya kupakia maboksi ghalani, akaacha kunyoa, akalala mchana. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, na alitembea kama mzee anayetafuta miwani yake. Asubuhi ile ya theluji baba yake alimgongea mlango: "Duane, njoo unisaidie." Duane akajibu, "Dakika tano, baba," akajifunika tena. Hayo alimwambia mama yake mara moja tu, jikoni, akiwa ameligeukia dirisha. Verna alimwambia si kosa lake. Maneno yakaanguka kati yao kama mkate ulioanguka kutoka mezani, hakuna aliyeinama kuuokota. Hawakuyarudia.

Siku chache baada ya mazishi Verna alimwita shemeji yake, Stush, mdogo wa Emil, mtu mnene mwenye utani usiokwisha.

"Hizi bunduki za kuwindia kulungu zichukue, Stush. Gereji ina unyevu."

"Unyevu! Shemeji, hizi zimekaa gereji hii tangu Emil ana nywele."

"Zichukue tu."

Stush akafungua kinywa aseme neno jingine la kuchekesha. Akatazama juu, kwenye dari ambayo nyuma yake Duane alikuwa amelala saa saba ya mchana. Akakifunga. Akazibeba zote, mbilimbili, akazifunika kwa turubai nyuma ya gari lake kama mtu anayebeba wagonjwa. Huko kwao nyumba isiyo na bunduki ni kama nyumba isiyo na kikaango. Siku ya kwanza ya msimu wa kulungu hata shule hufungwa. Lakini hakuna jirani aliyeuliza. Kimya kingi kina mshindo, na majirani walikuwa wameshausikia mshindo huo.

Verna akadhani amemaliza. Akasahau moja.

*

Verna alizaliwa kwenye safu ya nyumba zilizo chini ya kilima cha mabaki ya makaa, baba yake akipumua kwa mlio kama mlango mbovu. Akaacha shule akiwa na miaka kumi na sita, akaingia kiwanda cha mashati, akawekwa kwenye pasi. Kola tu. Hakuwahi kushona shati hata moja maishani mwake, lakini kola alizozinyoosha zingeweza kuvishwa shingo za nchi nzima. Kiwanda kilipofungwa akaenda kupika kwenye jiko la shule, na huko bado yupo.

Emil alikutana naye kwenye sherehe ya kanisa, kibanda cha chapati za viazi. Alikuwa kijana wa maneno machache, ila ukimgusia timu ya shule ya kulenga shabaha, hanyamazi. Enzi hizo watoto walipanda basi la shule na bunduki zao, wakaziegemeza kwenye kona ya darasa kama miavuli, na saa za jioni wakashuka chini ya jengo kupiga shabaha. Bunduki zenyewe zilikuwa za mafunzo: nzito, mtutu mnene, lakini risasi zake ndogo kama punje ya dengu iliyorefuka.

Shule ilipoifunga ile sehemu ya kulengea, bunduki zikagawiwa kwa waliopita kwenye timu. Emil akaja na yake nyumbani ameifunga blanketi kama mtoto mchanga. Jioni za baridi alikaa sakafuni jikoni, mkanda ameuzungusha mkononi, akalenga kalenda ya kanisa iliyoning'inia juu ya jiko. Tak. Anavuta, anarudisha. Tak. Bunduki tupu, haina kitu ndani.

"Umeshamuua mtakatifu gani leo?" Verna humuuliza, mikono ndani ya maji ya vyombo.

"Wa Jumanne."

"Na wa Jumatano?"

"Huyo ananikimbia."

Duane alipokaribia kuzaliwa, bunduki ikateremshwa kwenye chumba cha chini ya nyumba, nyuma ya pipa la makaa ambalo halikutumika tena, ndani ya blanketi lilelile. Ikasahauliwa huko zaidi ya miaka ishirini. Hata Verna, anayejua kila kijiko chake kiko wapi, aliisahau.

Baridi iliporudi, Verna akamtuma Duane mwenyewe chini akachukue chupa ya viazisukari vyekundu vya siki. Alichelewa. Verna alikuwa ameshaukaribia mlango wa ngazi aliposikia anapanda, taratibu, akatokea na kitu mikononi, utando wa buibui nyweleni.

"Mama, hii ya baba?"

"Ya baba."

"Ile ya watakatifu?"

"Ndiyo hiyo."

Duane akaiweka mezani juu ya gazeti. Akapitisha kidole gumba kwenye kitako, pale mbao ilipopasuka. Verna alimtazama macho. Yalikuwa yanatazama. Miezi yote hiyo macho yale yalikuwa yanaelekea kwenye vitu bila kuvifikia, na sasa yamefika.

"Unadhani inaweza kurudishwa ilivyokuwa?"

Verna aligundua mkono wake umezima jiko, na chakula hakijaiva.

"Nitampelekea Bi Trexler aikague," Duane akasema. "Jumamosi."

Ni siku nyingi mwanawe hajataja siku yoyote ya mbele.

*

Wilma Trexler alikuwa mjane wa aliyekuwa mwalimu wa timu ile. Mumewe alifundisha watoto, yeye akatunza bunduki. Mume akafa, shule ikaifunga timu, bunduki zikaendelea kumjia. Alikuwa na chumba chake nyuma ya jengo la klabu ya bunduki, jiko la kuni, meza ya kazi yenye jiliwa ya kubania vyuma, na kioo cha kukuzia alichokivaa kwenye paji la uso mpaka akitoka kwenda dukani anakisahau hukohuko usoni.

Alhamisi Verna akamwendea, na bakuli la nyama na wali vilivyoviringwa ndani ya majani ya kabichi. Chakula hicho ndicho watu wa Mount Olen wanachopelekeana msibani.

"Ya nini hii?" Bi Trexler akasema. "Nimekufa, hamjaniambia?"

"Kula tu, Bi Trexler."

"Mtu haleti kabichi bure. Keti. Sema."

Verna akaketi na koti lake. "Duane atakuja Jumamosi na bunduki ya Emil. Ile ya timu. Nataka umwambie haifai."

"Haifai kwa nini?"

"Kwa lolote. Wewe ndiye unayejua vinavyoharibika."

"Sijaiona bado."

"Ndiyo maana nimekuja leo. Ukishaiona hutaweza."

Bi Trexler akainua kioo chake mpaka kwenye nywele, akamtazama Verna kwa macho matupu. Kuni zikapasuka jikoni.

"Anasemaje, kijana?"

"Hasemi. Ndicho anachosema."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini?"

"Unajua nini."

Verna akalitazama bakuli. Mvuke ulikuwa umeganda ndani ya kifuniko. "Neno lile likitoka kinywani mwangu nitakuwa nimemwonyesha njia."

"Njia! Mwanangu, kama yuko huko, njia anaijua kuliko wewe. Kumuuliza hakumpeleki. Mtu huwa peke yake kabla ya kuulizwa, si baada."

"Siwezi."

"Basi na mimi siwezi. Sisemi uongo juu ya mtutu wa bunduki. Leo nimdanganye juu ya chuma, kesho nimwambie la kweli juu ya jambo jingine, atanisikiaje?"

Verna akasimama. Hakukasirika. Alitafuta hasira ndani yake kama mtu anayepapasa swichi gizani, hakuigusa. Akaaga, akatoka, na bakuli akaliacha.

*

Jumamosi akasema anaenda pamoja na Duane kuchukua bakuli lake. Duane hakukataa. Njiani bunduki ililala kiti cha nyuma, ndani ya blanketi, na kila gari likikata kona Verna aliisikia ikijigeuza.

"Kijana wa Emil!" Bi Trexler akamlaki. "Umekonda kama ufito wa kusafishia mtutu. Na hizo ndevu ni zako au umeazima?"

"Zangu."

"Masikini. Lete."

Kabla ya neno jingine alivuta komeo nyuma, yaani kile chuma chenye kishikio kinachosukuma risasi ndani na kubeba pini inayoigonga. Akachungulia, akaingiza kidole kidogo, akahakikisha hamna kitu. Kisha akalichomoa komeo zima akaliweka mbali, mwisho wa meza, peke yake. Verna akalifuata kwa macho. Lilikuwa dogo. Lingetosha kwenye mfuko wa aproni.

"Sasa," Bi Trexler akasema, akashusha kioo. "Mbao kwanza. Mti mzuri wa jozi. Ufa huu ni wa kuanguka, risasi ndogo hii haina nguvu ya kupasua mbao. Nani aliiangusha?"

"Mimi," Verna akasema. "Nikiiteremsha chini. Nilikuwa na mimba yake." Akamwonyesha Duane kwa kidevu.

"Basi ufa ni wa kijana. Unaungika. Gundi, vijiti viwili vya shaba ndani, hutauona. Lakini msasa, Duane, sikia: mkononi mwako naona msasa. Kila mtu anayekuta bunduki ya zamani anakimbilia msasa. Unaona hii?" Akagonga namba saba, iliyochomwa kwa moto ubavuni mwa kitako na mwalimu wa timu, marehemu mumewe. "Ukipiga msasa, umemfuta mzee wangu. Maji ya moto na kitambaa, halafu mafuta ya kitani. Kidogokidogo. Wiki, si siku."

"Sawa."

"Kutu hii ya nje ni ya blanketi. Blanketi hunywa maji, likakinyonyesha chuma. Mafuta na sufu laini ya chuma. Usije ukaipeleka kwa Stush akaitia kwenye mashine yake, ataichuna kama karoti."

Duane akasema, "Ameshajitolea."

"Kwa hakika ameshajitolea! Kilengeo cha nyuma kimepotea, lakini vya aina hiyo ninavyo kopo zima. Haya. Tuje kwenye roho yake."

Akachukua kitambaa kidogo, akakilowesha, akakisukuma ndani ya mtutu kwa ufito. Kikatokea ng'ambo chekundu kama matofali. Kingine. Kahawia. Akaendelea, havuti pumzi, na vitambaa vikawa vya kijivu. Mwisho akaelekeza mdomo wa mtutu kwenye taa, akatia jicho nyuma.

"Natafuta pete," akasema, jicho likiwa hukohuko. "Watoto wakipiga risasi mbovu, ikakwama katikati, wasijue, wakapiga nyingine nyuma yake, mtutu unavimba hapo kama nyoka aliyemeza panya. Ukitazama ndani unaona kivuli cha mviringo. Hiyo haina dawa. Pete ikiwepo, tunaifanya fimbo ya kuchochea moto."

Verna akaiomba pete. Hakuisema, wala midomo haikutikisika, lakini aliiomba kama alivyokuwa akiwaombea wachimbaji alipokuwa msichana, ngumi zimekazwa ndani ya koti. Iwepo. Iwepo, nirudi nyumbani. Akamtazama mwanawe. Duane alikuwa ameuma mdomo wa chini, kama alivyofanya akiwa darasa la pili akisubiri meno yang'olewe, na Verna akaona naye anaomba. Mama na mwana walisimama kwenye chumba kimoja wakimwomba Mungu mmoja mambo mawili yanayouana.

"Njoo uone," Bi Trexler akamwambia Duane.

Duane akainama. Akakaa hivyo kwa muda.

"Inang'aa," akasema.

"Inang'aa kama sahani ya padri. Hakuna pete."

Verna alisubiri moyo udondoke. Haukudondoka. Aliona tu kwamba bakuli lake liko kwenye rafu, limeoshwa.

Bi Trexler akachukua kijiti cha meno, akakipitisha taratibu kwenye ukingo wa mlango wa mtutu, pale risasi inapokalia. Kikanasa. Akarudia. Kikanasa palepale.

"Aha. Nani alikuwa anaifyatua tupu?"

Akawaonyesha pale kijiti kinaponasa.

"Bunduki kubwa ya kulungu, ukiifyatua tupu, pini inapiga hewa. Hii ndogo pini yake inapiga pembeni, ukingoni mwa ganda. Ganda lisipokuwepo, inapiga mtutu wenyewe. Tak, tak, tak, mpaka inachimba shimo. Watoto wote wa timu walilijua hilo kabla ya kujua majina ya wenzao. Ukikamatwa, mzee wangu anakukimbiza uwanja mzima. Haiwezi kuwa Emil."

"Ni Emil," Verna akasema.

"Emil alijua!"

"Alijua. Alikuwa anaanza na ganda lililokwisha kutumika, analiweka ndani. Halafu ganda linachakaa, anasema moja tu ya mwisho, na nyingine ya mwisho. Alikuwa anawalenga watakatifu kwenye kalenda."

Bi Trexler akacheka mpaka kioo kikamdondoka puani. "Mpumbavu yule! Nyota wa timu! Kaburini simfuati kwa hilo, lakini angekuwa hapa, angekimbia uwanja leo."

Na Duane akatoa sauti. Ilikuwa fupi, kama kwikwi, ikaisha. Lakini masikio ya Verna hayakosei. Ilikuwa kicheko. Akakishika alichokisikia bila kujua pa kukiweka.

Bi Trexler akafungua droo, akatoa kipande cha chuma chembamba, kimechongoka kidogo upande mmoja, kinang'aa. "Hiki kinaingizwa hapa, kinasukuma chuma kilichobonyea kirudi mahali pake. Hukati, huongezi. Ni pasi tu."

Verna akanyoosha mkono bila kufikiri. Bi Trexler akampa. Kilikuwa na uzito uleule wa kitu kilichotengenezwa kwa kazi moja tu. Alikigeuza, akakirudisha.

"Na lisipopigwa pasi?" Duane akauliza.

"Risasi itaingia kwa shida, na mara nyingine itagoma kulia."

"Liache, basi. Liwe la mwisho. Nataka kulitazama kwanza."

"Ni lako, litazame. Miaka yote hiyo limengoja."

Duane akaweka mikono yote miwili mezani. "Kwa hiyo, Bi Trexler. Inafaa?"

Mwanamke mzee akamtazama Verna, si kwa muda mrefu. Verna hakutikisa kichwa wala hakukiinamisha.

"Ukitaka bunduki ya kupigia, kaazime, utaokoa muda. Ukitaka kazi, hapa kuna kazi mpaka kiangazi. Mimi ningeifanya. Inafaa."

Kisha akachukua kipande cha flaneli, akaliviringisha lile komeo, akaliweka mezani, katikati ya mama na mwana.

"Desturi unaijua."

Duane aliijua, kama kila mtu wa Mount Olen. Enzi za timu, bunduki ilirudi nyumbani na mtoto kwenye basi, lakini komeo halikupanda basi. Lilipitia mkononi mwa mama. Mama mmoja alilitunza kwenye droo ya vijiko, mwingine kwenye kikapu cha mayai. Mama yake Emil alilivisha soksi. Siku ya mashindano alilitoa mlangoni pamoja na mkate. Hakuna aliyewahi kuuliza nani alianzisha. Bunduki bila komeo ni bomba na ubao.

"Nina miaka ishirini na tatu," Duane akasema.

"Sikumbuki tuliweka umri." Bi Trexler akavaa koti. "Kuni zimeniishia. Mimi mzee, natembea polepole, msinisubiri."

Kuni zilikuwa zimejaa hadi dirishani. Akatoka.

Wakabaki. Maji yalikuwa yanatona kutoka kwenye barafu ya paa. Verna akatazama flaneli, ilikuwa ya shati la zamani, na kona moja ilikuwa kipande cha kola. Akasikia sauti yake ikitoka, tambarare, kama anavyouliza watoto wa shule kama wanataka maharage zaidi.

"Duane. Unawaza kujiua?"

Alidhani paa litaanguka. Halikuanguka.

Duane hakugeuza uso. Akakwangua kutu kidogo kwa ukucha. "Mara nyingine," akasema. "Leo hapana."

"Na ile siku uliyoikuta?"

"Ile siku, nilipoikuta, kitu cha kwanza nilitafuta risasi. Nyuma ya pipa, kwenye rafu, kila mahali. Hazikuwepo." Akagusa ufa. "Halafu nikaona ufa. Nikataka kujua kama unaungika. Nikakaa pale chini nautazama tu. Ndiyo maana nilichelewa na ile chupa."

"Nilikuwa nimefika mlangoni."

"Nilikusikia, mama. Huwa nakusikia. Unadhani ni wewe peke yako unayesikiliza?"

Duane akaisukuma ile flaneli juu ya meza, mpaka ikagusa vidole vyake.

"Kaa nalo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikuombe."

"Na ukiniomba?"

Akafikiri. Alifikiri kweli, kama mtu anayepima mbao. "Siku hiyo usinipe. Nipe kesho yake."

Verna akalichukua komeo, akalitia mfukoni. Chuma kilikuwa cha baridi, na baridi ikapita kitambaa cha koti mpaka pajani. Aliisikia. Ilikuwa kitu kidogo sana, lakini aliisikia.

"Jumatatu tunakwenda kwa daktari," akasema. "Wewe na mimi."

"Atanipa vidonge."

"Akupe. Utamweleza habari ya kutafuta risasi. Usiposema wewe, nitasema mimi."

Duane akainua mabega, akayashusha. Kwa mtu aliyekuwa hakubali hata supu, hilo lilitosha kuwa ndiyo. Bi Trexler akarudi mikono mitupu, hakutoa hadithi yoyote ya kuni, akawapa bakuli na chupa ya mafuta ya kitani.

*

Jumapili Duane alikaa mezani jikoni na kitambaa na maji ya moto, akisugua kitako. Maji yakawa meusi, akamwaga, akaanza tena. Stush akapita, akatazama, akasema angeimaliza kwa mashine saa moja tu. Duane akamwambia aondoe karoti zake hapa. Stush hakuelewa, akacheka hata hivyo. Verna akakaanga tambi na kabichi. Hakuwa na furaha. Hakuwa na huzuni. Alikuwa na komeo kwenye mfuko wa aproni, na kila alipogeuka kwenye jiko lilimgonga kidogo kwenye nyonga.

Jumatatu asubuhi aliamka akasikiliza. Kikohozi kilichelewa. Akapanda, akakanyaga ule ubao uliolegea, ukalia, akagonga.

"Duane. Daktari."

Kimya. Kisha sauti nzito, kutoka chini ya blanketi:

"Dakika tano, mama."

Baada ya hapo nyumba nzima ikanyamaza. Hata bomba. Verna alijua kwamba ndani ya chumba macho yamefumbuka na yanatazama dari, kwa kuwa alichokisikia yeye, yale maneno aliyojibiwa Emil, Duane naye amekisikia. Akaegemeza bega lake kwenye fremu ya mlango.

"Haya," akasema. "Niko hapahapa. Siendi popote."

Akasimama, mkono mfukoni, chuma kikipata joto la kiganja chake polepole. Nje gari la kusukuma theluji lilipita. Kitanda kikalia. Mguu mmoja ukagusa sakafu, na baada ya muda, mguu wa pili.